Nani Amempakulia Kambo?

Picha yenyewe haina ajabu. Kambo, yaani bibi, amejifunga kitenge, mjukuu wa miezi minne amelala kifuani pake, na mezani iko sahani ya tambi pana zilizofunikwa mchuzi wa nyama. Imepigwa mgahawani huko Modena, kaskazini mwa Italia, ikafika Lubumbashi kwa WhatsApp kabla sahani haijaisha. Picha za namna hii zikipita Katuba na Kenya (Kenya ya kwetu, ule mtaa, si ile nchi yenye bahari) huzua maneno mengi kuliko bei ya kobalti. Yupo anayesema kambo amepata. Yupo anayesema kambo amegeuzwa mtumishi wa binti yake. Na yupo anayeuliza, kwa sauti ya chini, wale aliowaacha nyumbani wanakula nini.

Maneno hayo nimeyapanga hapa kama baraza. Wasemaji sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja anabeba hoja za wengi. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU MSTAAFU: Nianze mimi, maana nitakayosema hayatapendwa. Sina ugomvi na tambi. Ugomvi wangu ni na safari. Kwa desturi yetu binti anayejifungua uzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake, au mama humwendea. Anampikia, anamkanda, anamwonyesha namna ya kumshika mtoto, kisha anarudi kwake na zawadi yake. Siku hizi kambo anaitwa kwa tarehe: njoo mwezi fulani, maana mimi nitarudi kazini. Mtu aliyeitwa hivyo si mgeni tena. Amewekwa kwenye ratiba ya kazi za watu.

MAMA WA SOKO LA KENYA: Mwalimu, na wewe! Hiyo ratiba ndiyo inayoleta makuta, yaani pesa. Binti akikaa nyumbani na mtoto, mshahara unapungua, na ukipungua kule, huku Western Union inanyamaza. Nani atalipa shule ya wadogo zake? Tena kambo amepanda ndege, ameona Bulaya, amekula vizuri. Wangapi hapa wanazeeka bila kuvuka mpaka wa Kasumbalesa?

MWALIMU: Umesema amekula vizuri. Ngoja tuone bei ya hicho chakula.

MZEE WA GÉCAMINES: Watoto, mnazungumza kama jambo hili limeanza na ndege. Limeanza na treni. Union Minière, kampuni ya migodi kabla ya Gécamines, ilichoka na vibarua wa miezi michache. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza watu waje na wake zao. Reli ikafika Ilebo mwaka 1928, na watu wa Kasai wakashuka kwa wingi. Katika kambi za kampuni posho ilikuwa kwa hesabu: mfanyakazi, mke, watoto. Sasa binti akizaa, mama yake akatoka kijijini kuja kumsaidia, yule kambo alikuwa mgeni. Mgeni alihitaji ruhusa, na katika mgao wa unga hakuwa na fungu. Alikula kwenye fungu la wengine. Alilea, akafua, akapika, lakini sahani yake haikuandikwa mahali popote.

Hapo lazima niingie. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa mbele yao, wameyakusanya maisha ya kambi hizo kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa wafanyakazi na wajane wao. Ukiyasoma unaiona kampuni iliyotaka kujua kila kitu kuhusu mtoto. Watoto walipimwa uzito, wakapewa chakula cha nyongeza, na masista wakawafundisha mama zao kushona na kuosha. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, aliichapishia kitabu mwaka 1946. Kampuni iliamini kwamba mzani na sista vinatosha kuchukua nafasi ya kambo. Havikutosha, na kambo akaendelea kushuka kwenye treni. Kwa hiyo kinachogombaniwa leo juu ya picha ya Modena ni kitu cha zamani: kazi ya kambo inahitajika na kila mtu, lakini chakula chake hakimo katika hesabu ya mtu.

MUUGUZI: Mimi niulize jambo dogo lililonishtua. Pamoja na hii ilikuja picha ya pili, na humo kidole cha kambo kiko mdomoni mwa mtoto. Kimetoka wapi hicho kidole? Kwenye mchuzi?

MAMA WA SOKO: Kulamba tu, docta! Sisi sote tulilambishwa.

MUUGUZI: Na sote tunajua waliolambishwa na hawako hapa kusema. Mtoto wa miezi minne ni maziwa ya mama, basi. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita bila kitu kingine, hata maji, kisha chakula laini huku ananyonya mpaka miaka miwili na kuendelea. Na ule mchuzi mnaouona una chumvi, na ukipikwa kwa desturi ya Bologna una divai ndani yake. Divai inaruka motoni kwa sehemu kubwa, sawa, lakini chumvi hairuki.

Tena niseme na mengine, maana bakambo wetu wakipanda ndege hawaachi desturi uwanjani Luano. Kumwosha mtoto tumbo kwa dawa ya mizizi, kumpitishia kwa nyuma ili “atoe uchafu”: hapana. Nimepokea watoto waliokaushwa maji na dawa hizo. Asali kabla ya mwaka mmoja: hapana, inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Kumlaza kifudifudi ili alale fofofo: hapana, alazwe chali. Lakini kumbeba mgongoni, kumwimbia, kumkanda kwa mafuta, kuzungumza naye Kiswahili kutwa nzima: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hivyo vinamtuliza na kumfunza maneno.

MWALIMU: Na akifika miezi sita atakula nini huko? Jibini?

MUUGUZI: Utacheka, lakini ndiyo. Waitaliano humwanzishia mtoto supu ya mboga iliyosagwa, wakaongeza unga laini wa mchele, kijiko cha mafuta ya zeituni na jibini kavu ya Parmigiano iliyokwaruzwa. Baadaye huja tambi ndogo kama punje za mchele. Ukiangalia vizuri, ule ni uji uliotiwa mafuta na protini. Huku kwetu mimi huwaambia akina mama wa Katuba jambo lilelile: uji wa mahindi mtupu hujaza tumbo, haujengi mtoto. Tia unga wa soya, tia karanga iliyosagwa, ponda dagaa, tia yai. Uchunguzi wa taifa wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 wa nchi hii walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengi wa hao wanakula kila siku. Wanakula bukari, ugali wetu wa mahindi.

Hili la mahindi halikuanza kwetu. Wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia, karne ya 18 na ya 19, waliishi kwa polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa kwa maji, mwaka mzima bila nyama wala maziwa. Wakaugua pelagra: ngozi ikababuka, tumbo likaharibika, akili ikavurugika. Maelfu walikufa kabla sababu haijajulikana kuwa ni upungufu wa vitamini moja, niasini, ambayo mwili hauipati vizuri katika mahindi yaliyopikwa hivi hivi. Leo polenta imo katika mikahawa ya fahari, imepangwa kwa uyoga na nyama. Nani anayejua kama bukari nayo itafika huko. Sisi kwa sasa tunasubiri malori ya Zambia. Zambia ikifunga mpaka au mvua ikiwanyima, Lubumbashi nzima inajua bei ya mfuko wa kilo 25.

KAMBO MWENYEWE: Sasa mtaniruhusu nami? Maana mnanijadili kama marehemu.

Kwanza, mtoto sikumlambisha. Kidole kilikuwa kikavu. Alikuwa anatafuta ziwa na mama yake yuko chooni. Docta, nimelea wangu saba na wa wenzangu sikuhesabu, lakini ulilosema juu ya dawa ya mizizi nimelisikia. Binti yangu naye aliniambia hivyo hivyo, tukagombana siku mbili, nikaacha.

Pili, chakula. Siku ya kwanza waliniletea polenta nikacheka mpaka mkwe akaogopa. Ni bukari ya manjano, imelegea, imemiminiwa mchuzi juu kana kwamba mtu hana mikono! Nilipomaliza nikaomba unga, nikasonga ya kwangu ngumu, mkwe akala kwa uma. Sombe, yale majani ya muhogo, tuliipata imegandishwa, dukani kwa Waafrika. Samaki wakavu nilibeba mwenyewe. Nyama hawaipitishi hata kipande, lakini samaki wanakuruhusu mpaka kilo 20. Halafu jirani, bibi wa umri wangu, akanionyesha kukanda unga wa tambi: yai moja kwa kila gramu 100 za unga, hakuna maji. Anatumia mti mrefu kama mwichi, anasukuma mpaka unga unakuwa mwembamba, unaona mkono upande wa pili. Hatukuwa na lugha. Alikuwa anapiga meza nikikosea.

Tatu, ndiyo, nilifanya kazi. Saa moja asubuhi binti anatoka, saa kumi na moja jioni anarudi. Kuna siku nililia, theluji imeziba dirisha na sina wa kuongea naye. Bustanini mama mmoja aliniuliza kwa ishara kama nimeajiriwa na Wazungu kumbeba yule mtoto. Nikamwonyesha pua ya mtoto, nikamwonyesha yangu.

Jumapili ile kwenye picha binti yangu aliniambia: “Mama, leo hushiki sufuria.” Wakanivalisha, wakaniketisha, mtu akaja akaniuliza mimi nataka nini. Mimi. Mtoto nilimshika kwa sababu nilitaka kumshika. Nikala mpaka mwisho, nikapangusa sahani kwa mkate. Kinachowauma ni nini?

Baraza likanyamaza kidogo, na ukimya wake ulistahili. Nadhani kambo amegusa penyewe. Hapa kwetu bukari ikiiva, nani anapakua? Kambo. Nani anakula akiwa ameketi jikoni, baada ya wote, vile vilivyobaki chini ya sufuria? Kambo, na tunamsifu kwa hilo. Macho yetu yamemzoea akipakua. Tukimwona amepakuliwa, tunashuku kuna kazi haikufanyika, kuna mtoto ameachwa. Baba akipigwa picha na chupa ya bia ya Simba na mtoto magotini, hakuna anayeuliza mtoto amekula saa ngapi.

MWALIMU: Mwandishi, unanisukuma nionekane adui wa bibi yangu mwenyewe. Sikatai ashibe. Nasema mmempeleka kushiba mahali gani? Cécile Kyenge ni mtoto wa Kambove, hapa karibu na Likasi. Alikwenda Italia mwaka 1983, akasoma udaktari, akawa daktari wa macho, akaishi Castelfranco Emilia, palepale jirani na Modena, mji unaojisifu kuwa tortellini zilizaliwa kwao. Akafanywa waziri mwaka 2013, mweusi wa kwanza katika serikali ya nchi ile. Wakamfanyia nini? Julai mwaka huohuo wakamtupia ndizi akihutubia Cervia, na Roberto Calderoli, makamu wa spika wa Seneti, akamfananisha na orangutani. Huyo ni waziri, ana walinzi. Kambo wa Katuba ana nani?

BINTI, kwa ujumbe wa sauti kutoka Modena: Mwalimu, shikamoo. Kyenge tunamjua, na ndizi tunazijua. Mimi ninazipata kwa rejareja, kwenye basi na kwenye foleni. Lakini huyohuyo alichaguliwa tena, akaenda Bunge la Ulaya mwaka 2014. Sikumwita mama ili apendwe na Waitaliano. Sheria hapa inampa mama mzazi miezi mitano ya lazima, kwa asilimia 80 ya mshahara. Ikiisha, kituo cha watoto wachanga kina foleni, na ada yake inakula kile ninachotuma nyumbani. Wenyeji wenyewe wanawategemea wazazi wao. Wameweka hata sikukuu ya bibi na babu, tarehe 2 Oktoba, kwa sheria ya mwaka 2005. Majirani zangu wote wana kambo wao. Wangu alikuwa Lubumbashi.

MWALIMU: Wana sikukuu, sisi tuna kambo wa kuazima. Endelea, mwanangu.

BINTI: Viza ni siku 90 ndani ya siku 180, zaidi ya hapo hapana. Ubalozi uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi. Ada ni yuro 90, bima lazima ifikie yuro 30,000, barua ya mwaliko, akaunti ya benki, na ushahidi kwamba atarudi. Kumleta akae moja kwa moja ni vigumu zaidi: sheria inataka mzazi asiwe na mtoto mwingine nchini kwake, au awe amepita miaka 65 na hao wengine wasiweze kumtunza kwa ugonjwa mzito uliothibitishwa. Mama yangu ana watoto Lubumbashi na Kolwezi, wazima. Kwa hiyo nilikuwa na siku 90, nikazitumia. Nilimtumikisha? Kidogo, ndiyo. Nilimpenda? Mwulizeni.

KATEKISTA: Mimi nina neno fupi. Wasalesiani wamekuwa katika mji huu tangu 1911, na nusu yenu mmefundishwa nao. Don Bosco, mwanzilishi wao, alipokusanya vijana wa mitaani Torino, alimwendea mama yake, Margherita, kijijini Becchi. Mwaka 1846 yule mjane wa miaka 58 akaacha nyumba na wajukuu, akaenda mjini kupika na kufua kwa ajili ya watoto ambao si wake. Alikaa miaka kumi, mpaka alipofariki.

MAMA WA SOKO: Na wale wajukuu aliowaacha Becchi, nani aliwapikia?

KATEKISTA: Hilo halihubiriwi, mama.

MAMA WA SOKO: Njo vile. Mimi nilianza upande wa safari na bado niko huko, ila sasa nimekumbuka mlango wa pili wa kambo. Kijana wake yuko Kolwezi machimboni, amemwachia watoto. Kambo alipokwenda Italia, waliletwa kwangu. Nikawapikia siku 90. Mtoto wa Modena alipata kambo, wa Katuba akapata jirani. Picha ya sahani yangu haikutumwa popote. Na makuta ya wale watoto yalikuja mara moja, mwezi wa kwanza.

BINTI: Mama, hilo sikulijua.

MAMA WA SOKO: Hukuuliza, mwanangu.

Mzee wa Gécamines alitaka kurudia habari za posho, lakini sidhani kuna haja. Wote tumeona mstari mmoja ukitoka kambini hadi Modena hadi kibarazani kwa jirani. Italia yenyewe iko kwenye mstari huohuo: vikongwe wake wanalishwa na kuogeshwa na wanawake wa Ukraini, Moldova na Rumania, ambao wengi wao wamewaachia mama zao watoto. Nchi iliyozaa watoto wapatao 379,000 tu mwaka 2023, huku karibu robo ya watu wake wamepita miaka 65, itaendelea kuwahitaji. Mwalimu ataniambia nimekwenda mbali. Nimekwenda mpaka pale hoja yake ilipopaswa kufika: tatizo si kwamba kambo amevuka mpaka, wala si kwamba amekula akiwa na mtoto kifuani. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu hiyo ilikosekana hata alipokuwa hajavuka barabara.

Basi uamuzi wangu, na baraza lina ruhusa ya kuukataa. Kambo aende, kama mwenyewe anataka na daktari amemruhusu. Anayemwita alipe tiketi, viza, bima na Go Pass, ile ada ya abiria pale uwanjani, bila kumkopesha. Tarehe ya kurudi ijulikane kabla ya kuondoka. Kila wiki awe na siku yake ambayo hashiki mtoto isipokuwa akipenda, na awe na pesa mfukoni asizoziombea. Mambo ya kumlisha na kumtibu mtoto wayakubaliane na muuguzi kabla ya safari, wasigombane siku mbili jikoni. Na anayebaki Lubumbashi kuwapikia wajukuu wengine apelekewe chake kila mwezi, kwa jina lake, hadi mwezi wa mwisho. Mtoto asiyeweza kumlipia mama yake hayo yote asimwite; apange foleni ya kituo cha watoto wachanga kama wazazi wengine wa Modena.